Kula Mbele ya Peres

Atieno mwanangu,

Umeenda kumuaga dani, bibi yako, na najua hatakuachilia upesi. Atakuombea, kisha atakwambia habari za chandarua, za maji ya kuchemsha, na za wanaume wanaoshinda ufuoni na pesa za samaki mfukoni. Hayo nimemwachia yeye. Mimi nina jambo moja tu, na tangu Jumapili nimeshindwa kulisema kwa mdomo. Ndiyo maana nimeketi na kalamu kama niko kazini.

Usishangae kwamba naandika Kiswahili. Kwa Dholuo, lugha yetu, ningelia kabla ya kufika katikati, na Kiingereza ningekitumia kujificha. Kiswahili ndicho ninachosema dirishani kila siku na watu wanaokuja kuandikisha watoto wao waliozaliwa na watu wao waliokufa. Nimezoea kusema humo mambo mazito bila sauti kutetemeka.

Jumapili ulirudi kutoka kisiwa cha Mfangano, ulikokwenda kuripoti kazini, ukasimama mlangoni mwa jikoni ukicheka.

"Mama, wale watu wako nyuma sana! Eti nisile mbele ya Madam Rispa."

Nikakuuliza Rispa ni nani.

"Ndiye mkubwa wangu maabara. Tuko wawili tu mle ndani. Wanasema ana sihoho, eti jicho lake humdhuru mtu anayekula. Mpishi, karani, hata yule askari wa geti, wote wameniita kando kuniambia. Ushamba mtupu."

Ulicheka, nami nikacheka. Kisha ukaketi kula, mimi nikabaki kwenye karai nikiosha sufuria ambazo zilikuwa zimekwisha kuoshwa. Lakini Jumatatu ulishuka Migori mjini, ukarudi na kibakuli cha plastiki chenye kifuniko cha kubana. Nilikuona ukikiweka chini kabisa ya begi, chini ya koti lako jeupe jipya. Wakati huo hukuwa unacheka.

Nakijua kibakuli kile, Atieno. Nilikuwa na cha kwangu.

Wewe na mimi tumesoma. Tunajua kwamba jicho la mtu haliwezi kukufuata ukila na kuugeuza ugali kuwa jiwe tumboni mwako. Hata wakati ule nilijua. Kujua hakukunisaidia kitu, na hilo ndilo ninalotaka ulielewe kabla hujapanda boti.

Nilikuzaa nikiwa kidato cha pili. Hilo hujafichwa. Dani alikulea, mimi nikarudi shuleni nikasoma kama mtu anayekimbizwa, na nilipoitwa kazini wewe ulikuwa bado nasari. Niliingia ofisi ile nikiwa nimeazimia nisimguse mtu wala nisiguswe. Niliogopa mtu asije akasema, kumbe huyu ndiye yule msichana aliyezaa shuleni. Niliogopa kukosea herufi. Niliogopa mlango wa mkuu ukifunguka. Nilidhani kazi hulindwa hivyo, kwa kujikunja uwe mdogo.

Siku ya kwanza, Lilian, karani wa dirisha la vyeti, alinivutia kiti. Akanimiminia chai. Halafu akaniinamia sikioni.

"Unamwona yule mama wa kona? Anaitwa Peres. Ukila, mpe mgongo."

"Kwa nini?"

"We mpe mgongo tu. Aliyebisha mwisho alikandwa tumbo wiki nzima, na bado hajarudi kuwa mtu."

Nilifurahi, mwanangu. Sikuogopa kwanza, nilifurahi kwanza. Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa ofisi ile kuniambia siri, nikadhani nimepewa rafiki. Leo naona nilichopewa ni kadi ya uanachama, na ada yake ilikuwa kumpa mgongo mama ambaye hakuwa amenikosea lolote. Nikalipa siku hiyo hiyo, saa ya chakula. Niligeuza kiti, nikafungua kibakuli changu, nikala nikitazama ukuta.

Peres alikuwa mtu wa Mfangano, huko huko unakokwenda. Usimfikirie kuwa malaika. Alikuwa na sauti ya kumwita mtu kutoka ng'ambo ya maji. Alijisifu kwa ukoo wake, kwa mwandiko wake, hata kwa viatu vyake. Kalamu yake hangekuazima hata ungelia. Mimi aliniita Karani wa Mbinguni, kwa sababu niliandika kila jina kama nitakayehukumiwa nalo.

"Karani wa Mbinguni, malizia! Petro anamngoja huyo mtu getini!"

Watu dirishani walicheka, hata wale waliokuja kuandikisha vifo. Nilimchukia kidogo kwa hilo.

Kisha siku moja alikuja baba mmoja kutoka Macalder. Mwanawe alikuwa amefukiwa katika shimo la dhahabu. Nilimuuliza maswali kwa mpangilio wake, kichwa chini, kwa kuwa sikuthubutu kumtazama. Jina la marehemu. Umri. Nilipofika kwenye kazi ya marehemu, yule mzee akaanza kupiga dirisha kwa kiganja, akipiga tu. Lilian akatazama kucha zake. Mimi nilirudia swali, Mungu anisamehe, nilirudia swali.

Peres aliinuka, akatoka nje, akamshika mkono, wakaketi kwenye benchi la wanaongoja. Sijui walisema nini. Aliporudi, chai yake ilikuwa imepoa na kuota utando. Hakunisema mbele ya watu, na nafasi ya kunisema alikuwa nayo. Alisimama nyuma ya kiti changu akasema taratibu, "Nyathina, mwanangu, hata mimi nilianza na kichwa chini. Ukikwama, niite. Usingoje mpaka wapige dirisha."

Nimefanya kazi na watu wengi tangu hapo, na wengi wao ni watu wema. Hakuna mwingine aliyewahi kuniambia neno hilo: niite.

Basi nikawa namwita. Nilijifunza kazi kwake hatua kwa hatua: namna ya kumwambia mtu arudi kesho bila kumvunja, namna ya kumkatalia mkuu jambo lisilofaa huku ukionekana unamwomba ushauri. Na wakati kosa la mwingine lilipowekwa mezani kwangu, mkuu akanisimamisha mbele ya wote, ni yeye aliyepaza ile sauti yake ya ng'ambo.

"Huyo hakuwepo siku hiyo. Alikuwa kliniki na Atieno, mtoto alikuwa na surua. Uliza vizuri, mkuu."

Alijua jina lako kwa sababu aliniuliza. Kati yao wote, yeye tu ndiye aliyeuliza.

Lakini saa ya chakula nilimpa mgongo, kama wenzangu. Niliomba msaada wake asubuhi, na adhuhuri nikageuza kiti. Yeye alikula kwenye kona yake akitazama dirisha, kwa adabu, ili asimtie mtu wasiwasi. Fikiria hilo. Alikuwa anatulinda na macho yake mwenyewe.

Kila Ijumaa alikuwa ananiletea karanga za kukaanga zilizofungwa katika gazeti. "Mpelekee Atieno." Nilizipokea kwa mikono miwili, nikashukuru. Njiani, nyuma ya posho mill ya kusaga mahindi, nilizimwaga mtaroni. Jumatatu aliniuliza, "Alizipenda?"

"Alizimaliza zote."

"Basi ana meno mazuri, huyo."

Hukuonja hata moja, mwanangu. Nilikuwa na diploma, na nilimwaga karanga mtaroni.

Kisha Lilian aliugua. Tumbo lilimshika kazini, akatapika, akapelekwa hospitali, na hospitali ikasema ni taifodi. Ofisi haikusema taifodi. Alipopona alikwenda kwa mkuu na wengine wawili, wakasema hawawezi tena kuketi chumba kimoja na Peres. Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyependa utulivu, na nimejifunza kwamba mtu wa namna hiyo anaweza kukufanyia lolote almradi kelele ziishe. Alitukusanya akatuuliza mmoja mmoja, Peres akiwa ameketi pale pale, mkoba magotini.

Ilipofika zamu yangu nilisema, "Mimi bado ni mgeni. Sina la kusema."

Wewe ulikuwa umeshaingia darasa la kwanza. Sikuwa mgeni wa mtu yeyote pale.

Peres alinitazama, kisha akacheka kile kicheko chake kikubwa, lakini kifupi. "Ni kweli, Karani wa Mbinguni. Mgeni hana neno." Akachukua kikombe chake. Walimpeleka chumba cha nyuma cha majalada ya zamani, kisicho na dirisha, akafanya kazi humo mpaka alipostaafu. Nilimpelekea majalada, nikayakabidhi mlangoni. Aliniuliza habari zako, nikamjibu nikiwa nimesimama. Na karanga? Ndiyo, aliendelea kuzileta.

Ninachotaka kukuambia kuhusu miaka iliyofuata si kwamba nilijuta. Majuto ni kitu kinachokupa hata raha kidogo, unajiona mtu mzuri uliyekosea. Ilikuwa ni upweke wa kazi. Nilikuwa na watu wengi wa kula nao na sikuwa na wa kumwita. Nilipokwama nilikwama kimya. Nilificha makosa madogo mpaka yakawa makubwa. Nikibebeshwa neno, hakuna aliyesema uliza vizuri. Wote walitazama kucha zao, kama nilivyowafundisha kwa mfano wangu. Walikuwa wananipenda, nadhani. Walinichangia dani alipolazwa, walikuja kwenye sherehe yako ya kumaliza shule wakacheza. Lakini watu mliounganishwa na hofu ya mtu mmoja hamuwezi kusimama pamoja kwa ajili ya mwingine. Kila mmoja anajua jinsi ilivyo rahisi.

Peres alifariki ulipokuwa chuoni. Nilikuambia nakwenda mazishi ya mtu wa kazini, na hukuuliza. Tulikwenda na gari la ofisi mpaka Mbita, tukavuka. Mwili ulikuwa nje ya nyumba, chini ya turubai, jeneza limefunguliwa upande wa uso. Baada ya hotuba dada yake alikuja kwenye hema letu na sinia: ugali, samaki, mboga. Alikuwa amepika kwa ajili ya watu wa ofisi, alisema hivyo, "watu wa Peres wa ofisini." Lilian alisema ana vidonda vya tumbo. Mwingine alikuwa amefunga. Mwingine akasema tumekula njiani, na ni kweli, tulikuwa na mikate na soda ndani ya gari, tulizinunua kwa kusudi hilo. Mimi nilikuwa nimekula mkate huo.

Yule mama alibaki amesimama na sinia. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anaelewa, na uso wake ulipoanza kuelewa sikuweza kuutazama. Nikanyoosha mkono nikachukua sahani.

Nilikula mbele ya Peres mara moja tu, naye alikuwa amelala jenezani, macho yamefumbwa. Nilikula nikiwa nimemwelekea. Nilimaliza samaki mpaka mifupa. Haikumsaidia kitu.

Kwenye boti ya kurudi, nafasi iliyo kando yangu ilibaki wazi, na watu wengine wamesimama. Juma lililofuata niliingia ofisini wakati wa chai, na Lilian, aliyenivutia kiti siku ya kwanza, akaweka kiganja juu ya kikombe chake. Nadhani mkono wake ulikwenda wenyewe. Hata yeye alionekana kushtuka.

Ndiyo hivyo, Atieno. Umekuwa ukidhani mama yako anapenda kula peke yake. Sipendi. Wanasema nami ninayo sasa, niliipata katika sahani ile. Wanafunika.

Sikukuambia kwa sababu wanasema jambo hili hupita kutoka kwa mama kwenda kwa binti. Niliogopa likufuate. Migori na Mfangano si mbali, na maneno huvuka ziwa bila nauli. Huenda siku moja mtu akakuuliza huko, kwenu ni wapi, mama yako anafanya kazi ofisi gani, na ukaona uso wake ukibadilika. Ni afadhali ulisikie kwangu.

Miezi michache iliyopita aliletwa kijana mmoja Mkuria, Chacha, awe karani mwenzetu. Saa ya chakula alivuta kiti mpaka mezani kwangu, akafungua viazi vyake.

"Wamesema nisikae hapa."

"Basi mbona umekaa?"

"Mama, kwetu tuna shida zetu nyingi, siwezi kuongeza na za Wajaluo."

Nilicheka mpaka watu wakageuka. Alasiri ile nilifanya kazi vizuri, sijui nikuelezeje, mkono ulikuwa mwepesi. Nilimfundisha mambo matatu manne aliyofundishwa Karani wa Mbinguni. Chacha alikaa nami majuma kadhaa. Kisha mtoto wake mchanga akaanza kuharisha, na sasa ananisalimu akiwa mlangoni. Simlaumu. Mtoto ni mtoto. Mimi ndiye mtu wa mwisho anayeweza kumlaumu.

Sasa turudi kwa Rispa wako. Sikuambii umpende. Simjui. Huenda ni mkali, huenda ni mvivu, huenda kuna sababu nyingine ya watu kumkwepa ambayo wameivisha nguo hii ya sihoho. Mtazame mwenyewe, kazini, siku nyingi, ndipo useme. Lakini mko wawili katika chumba kile. Siku utakapoinama kwenye hadubini ukakosa hakika na unachokiona, na nje kuna mama amembeba mtoto anachemka homa, yule mpishi hatakuwepo, wala karani, wala askari wa geti. Atakuwepo yeye. Je, utaweza kumwita? Mtu uliyempa mgongo adhuhuri unamwitaje alasiri? Mimi niliweza, kwa kuwa Peres alikuwa Peres. Usitegemee kukutana na Peres mwingine.

Wala siwezi kukuahidi kitu. Ukila mbele yake, hao waliokuita kando wanaweza kukupa mgongo wewe pia, na ukiwa mgeni kisiwani mgongo wa watu ni kitu kizito. Yeye mwenyewe anaweza asikushukuru; mtu aliyezoea kuketi peke yake huwa na miiba. Mzazi mwenye busara angekuambia uwe na kibakuli chako, ukae na wengi, kazi ikae. Ndivyo nilivyofanya mimi, na kazi ilikaa kweli. Bado ninayo. Njoo uione.

Kibakuli sijakitoa kwenye begi. Nilikigusa, nikakirudisha. Ni chako, na wewe ndiye utakayekuwa chumbani mle, si mimi.

Limebaki moja, ndilo lililonishinda zaidi. Ulipokuja likizo ya mwisho uliniuliza, "Mama, mbona siku hizi hukai mezani?" Nikasema nimechoka. Haikuwa uchovu. Siku moja ulikuwa unakula omena, unazungumza huku unatafuna, na mimi nilikuwa nakutazama tu kwa furaha, na ghafla nikashusha macho. Niliogopa macho yangu, Atieno. Mimi, niliyesoma. Tangu siku hiyo, ukila, mimi huwa naosha sufuria. Nimekufunika kama wanavyonifunika.

Kesho asubuhi, kabla ya gari la Mbita, nitapika chai ya maziwa na viazi vitamu, na mayai yale ya dani. Usile ukiwa umesimama, usiseme umechelewa. Keti. Nami nitaketi mbele yako, mikono mezani, na karai nitaliweka nje.

Ukiogopa, niambie, nitageuka, sitaumia. Usipoogopa, basi kula polepole, nyathina, mpaka umalize. Nataka kukuona.

Mama yako